Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya upelelezi: majalada ya mauaji ya Lindi na Mtwara yapitiwe na watu wa nje

Nachingwea,
Mkoa wa Lindi.

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Inspekta Jenerali wa Polisi,
Mkurugenzi wa Mashtaka,

YAH: MAUAJI YASIYO NA MAJIBU NA UPELELEZI UNAOJIKAGUA WENYEWE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Poleni na majukumu. Naandika kwa heshima, na naandika hadharani kwa sababu njia ya ndani imenifunga. Barua za familia yetu zilipelekwa kwa mkono, zikapokelewa, zikagongwa muhuri, zikaishia hapo. Tulipanda ngazi kama tulivyoelekezwa: kwa mpelelezi, kwa mkuu wake, wilayani, mkoani. Kila ngazi ilitwambia jibu liko ngazi nyingine. Hapa sitataja kituo wala jina la askari yeyote, kwa kuwa shabaha yangu si kumchafua mtu mmoja. Nakala zenye mihuri ninazo, na nitazileta popote mtakaponiita.

Kazi yangu ni kuandika simulizi za kweli za mauaji ambayo hayakupata majibu. Kesi niliyoiandika kwa kirefu kuliko zote haikutokea kwetu, ilitokea London. Wasomaji kutoka Masasi hadi Kilwa Masoko wameifuatilia, na swali wanaloniletea mara kwa mara ni moja: ya kwetu utayaandika lini? Ya kwetu hayaandikiki, waheshimiwa, kwa sababu majalada yamefungwa na waliofiwa hawaambiwi kitu. Naomba mnivumilie niieleze kwanza hiyo ya London, maana ndani yake kuna jambo zima ninalotaka kuwaambia.

Usiku wa tarehe 10 Machi 1987, mpelelezi binafsi aitwaye Daniel Morgan, mwenye umri wa miaka 37, alikutwa amekufa kwenye maegesho ya magari ya baa ya Golden Lion, eneo la Sydenham, kusini mashariki mwa London. Shoka lilikuwa limemkaa kichwani. Saa yake ya Rolex haikuwepo mkononi, lakini fedha nyingi zilizokuwa mfukoni hazikuguswa. Eneo la tukio halikupekuliwa wala kulindwa. Mmoja wa askari wa mwanzo kuwekwa kwenye upelelezi huo alikuwa na urafiki wa karibu na mshirika wa marehemu katika biashara. Alipostaafu polisi, askari huyo alikwenda kuchukua nafasi ya marehemu katika kampuni ileile. Ndugu wa marehemu, Alastair Morgan, alieleza mashaka yake mapema kabisa. Hakusikilizwa.

Upelelezi ulirudiwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 20. Watu walikamatwa, wakaachiwa, wakakamatwa tena. Kesi iliyofikishwa mahakamani iliporomoka mwaka 2011, washtakiwa wakaachiwa huru. Kisheria hawana hatia, nami siwaiti wauaji. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa kifo kile. Mwaka huohuo wa 2011 polisi wa London walikiri kwamba rushwa ndani ya jeshi lao iliuharibu upelelezi wa kwanza. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikatangaza jopo huru, ambalo baadaye liliongozwa na Nuala O'Loan. Lilitarajiwa kumaliza kazi ndani ya mwaka mmoja. Ripoti yake ilitoka tarehe 15 Juni 2021, yenye kurasa zaidi ya 1,200, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji ule ilitokana na mvutano na polisi juu ya kuona nyaraka.

Katika kurasa hizo zote, jambo moja ndilo lililonifanya nikae chini kuandika barua hii. Jopo halikuishia kwenye askari waliokula rushwa miaka ya 1980. Lilisema kwamba taasisi inapoficha au kukana makosa yake ili kulinda jina lake, nao huo ni ufisadi, ufisadi wa taasisi nzima. Hakuna haja ya bahasha kupita chini ya meza. Afisa mwadilifu kabisa, asiyewahi kupokea senti ya mtu, anakuwa sehemu ya ufisadi huo siku anapoamua kwamba heshima ya jeshi ni kubwa kuliko haki ya mama wa marehemu. Na ukubwa wa ugonjwa huo ulionekana hata baada ya ripoti kutoka: Januari 2023, nyaraka ambazo jopo lilipaswa kukabidhiwa zilikutwa ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo, makao makuu ya polisi, New Scotland Yard. Julai mwaka huo polisi walikubali kubeba dhamana ya makosa yao na kupatana na familia. Ilikuwa imepita miaka 36.

Sasa nije nyumbani. Hoja zetu ni hizi.

1. Ushahidi wa saa za mwanzo unapotea mbele ya macho ya askari.

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa mkulima wa ufuta. Aliuawa usiku akirudi kijijini kwa pikipiki, akitoka mjini kuchukua malipo yake ya mnada. Alikutwa alfajiri na watu waliokuwa wakienda shambani. Askari walifika jua likiwa limeshapanda, na walipofika hawakuzuia mtu kukanyaga pale alipolala. Pikipiki ilisukumwa na vijana hadi kituoni, wakipokezana usukani, ikaegeshwa nje pamoja na pikipiki nyingine zilizokamatwa kwa makosa ya barabarani. Hakuna alama ya vidole iliyochukuliwa. Niliposoma kwamba pale Sydenham eneo la tukio liliachwa bila ulinzi, sikushangaa hata kidogo.

Baada ya mazishi simu yake iliwashwa. Shangazi alipiga, ikapokelewa na mwanaume tusiyemjua, ikakatwa. Tuliandika siku na saa kwenye karatasi, tukaipeleka kwa mpelelezi. Mpelelezi yule akahamishwa. Aliyerithi jalada alituambia hajaiona karatasi hiyo. Tukamwandikia nyingine.

2. Wafiwa wanageuzwa wafadhili wa upelelezi.

Hili ndilo linaloumiza kuliko yote, na ninaomba mlisome taratibu. Mtu amefiwa na mume. Anakwenda kituoni kuuliza. Anaambiwa gari halina mafuta. Anatoa ya mafuta. Anaambiwa taarifa za kampuni ya simu zinafuatiliwa Dar es Salaam, na mfuatiliaji anahitaji nauli na pa kulala. Anatoa. Anaambiwa karatasi za kuandikia maelezo zimekwisha. Anatoa. Hakuna risiti hata moja, na hakuna anayesema neno rushwa. Kinachosemwa ni "tusaidiane, mama, ili kazi iende". Mjane wa ndugu yangu aliuza ufuta uliobaki ghalani kwa bei ya kutupa kwa walanguzi, kwa sababu mnada ulikuwa umepita na jalada lilikuwa "linasubiri kidogo tu".

Madhara yake hayaishii kwenye umaskini wa familia moja. Upelelezi unaokwenda kwa mfuko wa mlalamikaji utakwenda vilevile kwa mfuko wa mtuhumiwa, na mtuhumiwa wa mauaji ya wizi ndiye mwenye fedha za marehemu. Katika mikoa yetu hilo lina uzito wa pekee. Ukanda huu unaishi kwa msimu. Mwezi wa Oktoba korosho zikianza kuingia maghalani Tandahimba, Newala na Masasi, na katikati ya mwaka ufuta ukinadiwa Lindi, watu wa kawaida wanashika fedha ambazo hawazishiki miezi mingine. Nachingwea na Ruangwa kuna wanunuzi wa madini wanaotembea na fedha taslimu. Kila anayetaka kuua kwa ajili ya fedha anaijua kalenda hiyo. Jeshi la Polisi nalo linaijua. Iweje basi msimu uanze kila mwaka na gari la wapelelezi halina mafuta?

3. Ukimya.

"Upelelezi unaendelea." Tumelisikia jibu hilo hadi watoto wa marehemu wanalijua kwa moyo. Hakuna barua, hakuna jina la mtu wa kumuuliza, hakuna tarehe.

4. Polisi wanajichunguza wenyewe.

Sijasema, na sisemi, kwamba askari walimuua ndugu yangu. Sijui nani alimuua. Ndiyo maana naandika. Ninachosema ni kwamba tulipolalamikia mwenendo wa upelelezi, malalamiko yetu yalirudishwa kwa watu walewale tuliowalalamikia ili wayatolee maelezo. Hilo lingekuwa kosa popote. Mtwara na Lindi ni zaidi ya kosa, kwa sababu ya yale tuliyoyaona.

Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini kutoka hapa Nachingwea aliuawa Mtwara, na askari ambao alikuwa anawadai fedha zake ndio walioshtakiwa. Askari mmoja aliyekuwa akishikiliwa kwa tuhuma hizo alifia mahabusu, na taarifa ya polisi ikasema alijinyonga. Suala hilo lilifika mbali kiasi kwamba Februari mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alilizungumza hadharani, akaonesha kutoridhika na polisi kujichunguza wenyewe, na akamwagiza Waziri Mkuu aunde timu nyingine. Askari saba walikuwa wameshashtakiwa Januari hiyohiyo. Juni 2025 Mahakama Kuu hapa Mtwara iliwatia hatiani wawili na kuwahukumu adhabu ya kifo, watano wakaachiwa.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa Dar es Salaam mikononi mwa polisi. Polisi walitangaza kwamba ni majambazi. Ilibidi iundwe tume chini ya Jaji Musa Kipenka ndipo nchi ikaambiwa kwamba hawakuwa majambazi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa wote, jaji akieleza kwamba waliofyatua risasi hawakuwa mbele yake. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani afisa mmoja. Mmoja, baada ya miaka 10, kwa watu wanne.

Yatazameni matukio hayo mawili kwa pamoja. Katika yote mawili ilibidi watu wa nje ya jeshi waingize mkono. Sasa mkulima wa ufuta ambaye jina lake halikusomwa kwenye taarifa ya habari, ambaye Rais hakumsikia, yeye ataingiziwa mkono na nani?

5. Mashahidi wanaogopa, na wana sababu.

Nchi ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Kijijini kwetu hakuna niliyekutana naye aliyewahi kuelezwa kwamba ipo. Wanachokijua ni kwamba ukitoa jina asubuhi kituoni, jioni mwenye jina anakuja kukuuliza umesema nini. Yupo mtu anayejua zaidi kuhusu simu ile. Ameniambia atasema mbele ya hakimu, au mbele ya mtu yeyote asiyetoka wilaya ile.

Waheshimiwa, nayajua majibu yanayoweza kutolewa, na ninayajibu kabla.

Mtasema wananchi hawatoi ushirikiano. Nimeeleza hapo juu ushirikiano tuliotoa: namba, saa, karatasi mbili, na fedha ambazo hatukupaswa kutoa.

Mtasema bajeti haitoshi. Nakubali kwamba wapo askari wanaofanya kazi katika mazingira magumu, wanaolala kwenye nyumba mbovu na kutumia simu zao wenyewe kwa kazi ya serikali. Nawaheshimu hao. Lakini kulinda eneo la tukio kwa kamba na askari mmoja hakuhitaji bajeti. Kuandika barua ya nusu ukurasa kwa mjane hakuhitaji bajeti.

Mtasema taarifa za upelelezi ni siri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaruhusu kweli kuzuia taarifa zinazoweza kuharibu upelelezi, na hatuombi majina ya mashahidi wala mbinu zenu. Tunataka kujua kama jalada lipo, liko kwa nani, na hatua ya mwisho ilichukuliwa lini. Muuaji hafaidiki na majibu ya maswali hayo.

Na pengine mtasema hukumu ya Juni 2025 inaonesha mfumo unafanya kazi. Mahakama ilifanya kazi yake, na ninaipa heshima. Ila hukumu ile ilihitaji kelele za nchi nzima ili ianze safari. Mfumo unaofanya kazi haupaswi kungoja kelele.

Tena tusisahau kwamba nchi hii iliwahi kuonesha njia nyingine. Mwaka 1977, baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakuwa amempiga mtu yeyote kofi. Aliuweka uwajibikaji mbele ya jina la wizara yake, na miaka minane baadaye nchi ilimpa urais. Mnaohofia kwamba kukiri makosa kutalivunjia jeshi heshima, mtazameni huyo.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza, majalada yote ya mauaji ya Lindi na Mtwara yaliyokaa zaidi ya miaka miwili bila mtu kufikishwa mahakamani yaorodheshwe, na yapitiwe na timu isiyotoka katika mikoa hii miwili, ikiwa na mawakili kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka na mwakilishi wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Timu hiyo ipewe nyaraka zote siku ya kwanza. Msituletee habari ya kabati la London.

Pili, kila familia yenye jalada la mauaji ipewe barua kila baada ya miezi mitatu, yenye jina na cheo cha mpelelezi na hatua iliyofikiwa. Mpelelezi akihamishwa, familia ijulishwe, na anayepokea jalada asaini orodha ya kila karatasi iliyomo.

Tatu, libandikwe tangazo kaunta ya kila kituo kwamba upelelezi wa mauaji haulipiwi na mfiwa, si mafuta, si nauli, si karatasi, pamoja na namba ya TAKUKURU. Atakayedai malipo hayo ashughulikiwe chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, asihamishiwe wilaya nyingine kwenda kuyadai huko.

Nne, mtueleze mmefikia wapi na pendekezo la kutenganisha upelelezi na kazi nyingine za polisi. Tume ya Rais ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliwasilisha ripoti yake Julai 2023 na ikapendekeza kuundwa kwa chombo cha taifa cha upelelezi. Hatuhitaji tume nyingine ya kutwambia hilohilo. Tunahitaji tarehe.

Tano, Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 itumike. Kila anayefia mahabusu Lindi na Mtwara achunguzwe mbele ya hakimu, milango ikiwa wazi, hata kama marehemu alikuwa askari aliyetuhumiwa kuua. Mke na watoto wa askari nao wana haki ya kujua.

Kuhusu ndugu yangu, ninaomba jambo moja dogo lifanyike wiki hii: kampuni ya simu iulizwe rasmi, kwa barua ya Jeshi la Polisi, simu ile iliwashwa wapi na kwa laini ya nani. Namba ninayo, siku ninayo, saa ninayo. Kumbukumbu za simu hazitunzwi milele.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, muda uleule ambao Sheria ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa kumjibu mwananchi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi, kwa niaba ya familia ya marehemu,
Nachingwea, Lindi.

Nakala:
Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora
TAKUKURU, Makao Makuu
Wabunge wa majimbo ya mikoa ya Lindi na Mtwara